Chujio la Maji na Vijidudu Vinavyolipenya

Vijana kadhaa wa Mikindani wametuuliza jambo ambalo tumeona lafaa kujibiwa kwa urefu, kwa kuwa ni jambo la kila nyumba. Wasema kwamba siku hizi huuzwa machujio ya maji ambayo juu ya kasha lake imeandikwa kuwa vitundu vyake ni vidogo kuliko bakteria. Je, mwenye chujio kama hilo ana haja tena ya kuchemsha maji? Makaa ni ghali, na mama mwenye watoto wanne au watano hachemshi sufuria moja kwa siku bali kadhaa. Na la pili, ambalo ndilo lililotupendeza zaidi: ikiwa kitundu ni kidogo kuliko kijidudu, kijidudu kitapitaje?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba chujio zuri huzuia bakteria wengi mno, wala hatumkatazi mtu kulinunua. Lakini yale maneno ya juu ya kasha yanamhesabu bakteria kama chembe ya mchanga. Mchanga hauna uhai. Bakteria ni kiumbe hai: ana mwendo, hupinda, hukonda akiona njaa, na huzaa. Na kila moja katika sifa hizo humpa njia ya kuvuka.

Kwanza tufahamu vipimo. Twaa milimita moja, igawe sehemu elfu moja; kila sehemu huitwa mikromita. Bakteria aitwaye E. coli, ambaye makao yake ni matumbo ya watu na wanyama, ana upana usiozidi mikromita moja na urefu wa mikromita mbili hivi. Yule wa kipindupindu ni mwembamba kuliko huyo, naye amejipinda mfano wa alama ya mkato. Machujio ya utando, yaani yale ya karatasi laini sana itumikayo katika maabara na viwanda vya dawa, aghalabu huwa na vitundu vya mikromita 0.45 au 0.22. Kwa hesabu hiyo mtu husema: basi, mwenye upana wa nusu mikromita hapiti katika kitundu cha 0.22. Ndivyo mama zetu wanavyokitazama kifumbu. Tui hupita, chicha hubaki. Hata hivyo kila aliyewahi kukamua nazi ajua kwamba akikikaza kifumbu kwa nguvu, chicha nyingine laini hutokea pamoja na tui.

Sasa tuitazame habari iliyotokea karibu nasi. Katika mwezi wa Julai mwaka 2022, wilaya ya Ruangwa, katika mkoa jirani wa Lindi, iliingiwa na ugonjwa uliowatia watu hofu kubwa. Wagonjwa walishikwa na homa, kichwa kikawauma, wakachoka mno, na wengine wakatokwa na damu puani. Palikuwa na uvumi mwingi, kama ilivyo desturi yetu panapotokea jambo lisilojulikana. Vipimo vilipotoka, Serikali ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ambayo madaktari huiita leptospirosisi. Wagonjwa waliotajwa wakati huo walikuwa 20, na watatu kati yao walikwisha kufariki.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Leptospira. Makao yake ni figo za panya, ng'ombe, mbwa, nguruwe na wanyama wengine, naye hutoka pamoja na mkojo wao, akaingia katika maji na matope. Mtu humpata kwa kuyanywa maji hayo, au kwa kuyakanyaga akiwa na mchubuko mguuni, au maji yakimwingia machoni na kinywani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimewachunguza bakteria hawa kwa miaka mingi katika panya na mifugo ya nchi yetu, hata mmoja katika jamaa zao, aliyepatikana kwa ng'ombe, amepewa jina la Sokoine.

Umbo la Leptospira ndilo linalohusu swali letu. Urefu wake ni kati ya mikromita 6 na 20, kwa hiyo kwa urefu yeye ni mkubwa kuliko bakteria wengi. Lakini unene wake ni mikromita 0.1 tu! Amejisokota kama uzi wa kamba, na ncha zake zimepinda kama ndoana. Bakteria wengine waendao huwa na mikia inayochezacheza nje ya mwili; huyu mikia yake imo ndani, chini ya ngozi yake ya nje, nayo ikizunguka, mwili mzima huzunguka kama parafujo inayoingia katika ubao. Kwa hiyo akikikabili kitundu cha mikromita 0.22 kwa ncha, hupita kama uzi upitavyo katika tundu ya sindano. Na ajabu ni kwamba watu wa maabara huitumia sifa hii kwa faida. Wakitaka kumpata Leptospira katika maji machafu yaliyojaa bakteria wa kila namna, huyapitisha maji katika chujio la 0.45 au 0.22. Wengine hukwama, yeye huteremka upande wa pili, karibu peke yake, nao wakamwotesha. Chujio ambalo mnunuzi analiona ni kinga, kwao limekuwa mlango wa kumtolea anayetafutwa.

Pana mwingine afananaye naye, ambaye kina mama wafugao kuku yawapasa kumjua. Jina lake ni Campylobacter, naye ni miongoni mwa wanaowaharisha sana watoto wadogo. Mara nyingi hutoka kwa kuku. Ni mwembamba, amepinda, na mwendo wake ni wa kasi. Maabara humtafuta kwa njia ya kupendeza: hutandaza chujio la utando juu ya sahani ya chakula cha bakteria, hudondosha juu yake matone ya choo cha mgonjwa kilichozimuliwa, huacha kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja, kisha huliondoa chujio. Hakuna nguvu iliyosukuma, wala maji yaliyovutwa kwa pampu. Walio na mwendo wamekwisha kuvuka kwa kuogelea wenyewe wakashuka kwenye chakula, na waliobaki juu hutupwa pamoja na chujio.

Wataalamu wa Uswisi waliyachunguza maji ya mito na maziwa yao, na mwaka 2007 wakaandika kwamba katika maji ya kawaida wamo bakteria wanaopita hata kitundu cha mikromita 0.1, na kwamba umbo na ulaini wa mwili ni jambo kubwa kuliko ujazo wake. Wavuvi wetu hawatashangaa. Nani katika pwani hii hajamwona pweza akiingia katika mwanya wa mwamba ambao mtu angeapa kwamba hata kichwa chake hakitoshi?

Njia nyingine ni ya njaa, nayo yatuhusu sisi tukaao karibu na maji ya chumvi. Bakteria wa kipindupindu si mgeni wa baharini. Hupenda hasa mahali ambapo mto hukutana na bahari, maji yakawa si baridi wala si chumvi kamili, kama yalivyo maingilio ya mto Ruvuma na mikoko yake. Hatusemi kwamba kila maji ya mikoko yana kipindupindu, la. Twasema kwamba mahali pa namna hiyo humfaa. Sasa chakula kikipungua majini, bakteria huyu hafi upesi. Hujikunja, huiacha ile sura ya alama ya mkato, akawa kidonge kidogo cha mviringo, akangoja. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani walichota maji kwenye maingilio ya mito katika Ghuba ya Meksiko, wakayachuja kwa chujio la mikromita 0.2, kisha wakajaribu kuotesha chochote kilichopita. Vikaota viumbe, na miongoni mwao walikuwamo wa jamaa ya vibrio, ambayo ndiyo jamaa ya huyu wa kipindupindu. Waliopimwa wakiwa wameshiba wana kipimo kimoja, na waliokonda kwa njaa wana kipimo kingine. Kasha la chujio haliwezi kuandika yote hayo.

Kipindupindu kwetu hakikuanza jana. Richard Burton alipofika Kilwa mwaka 1859 alikikuta kikiua watu, na daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa balaa la 1869 na 1870, alikitungia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876, akionyesha jinsi kilivyofuata njia za majahazi na misafara katika mwambao wote. Katika zama zetu, mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na ukafika Zanzibar.

Tumeiweka nyuma kidogo njia ambayo sisi twaiona ndiyo kubwa kwa mwenye chujio nyumbani, nayo ni njia ya kuota. Mwaka 2009 wataalamu wa Delft, huko Uholanzi, walichonga katika kipande kidogo cha silikoni mifereji myembamba mno, kila mmoja na upana wake, wakaweka bakteria upande mmoja wakatazama kwa hadubini. Waliona kwamba bakteria huendelea kuogelea hata mfereji ukizidi unene wake kwa theluthi moja tu. Mfereji ukiwa mwembamba kuliko hapo, mwendo hukoma. Mtu angedhani habari imekwisha. Haikwisha! E. coli waliingia katika mifereji iliyokuwa na upana wa nusu ya unene wao. Hawakuogelea, walikua. Bakteria aliyejibana mlangoni hula, hurefuka, hugawanyika wawili, na yule wa mbele husukumwa na wa nyuma, naye hugawanyika tena, mpaka ncha ya ukoo huo ikatokeza upande wa pili. Walipotoka walikuwa wamebonyea, na sura zao zimekuwa za ajabu ajabu, lakini wako hai na wanazaa.

Atakayeona vigumu kuamini na aende akayatazame magofu ya majumba ya mawe hapa Mikindani. Mbegu ya mtini huangushwa na ndege katika ufa wa ukuta wa matumbawe. Hakuna anayeona mti ukitembea. Baada ya miaka, mzizi umetokeza upande wa ndani wa ukuta ambao haukuwa na nafasi ya kuingiza hata kidole. Kwa bakteria miaka hiyo ni siku chache, kwa kuwa E. coli akipata chakula na joto huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20.

Na hilo ndilo linalotokea katika chujio la nyumbani lililosahauliwa. Bakteria waliozuiwa hawakufa. Wamekaa juu ya utando, katika unyevu na joto letu la pwani, na kila uchafu uliozuiwa pamoja nao ni chakula. Hufanya utelezi, ule ule unaohisiwa kwa kidole ndani ya mtungi usiosuguliwa. Siku ya kwanza maji hutoka safi. Chujio lisiposafishwa wala kubadilishwa, hufika siku ambayo utelezi umeota mpaka upande wa maji ya kunywa.

Watengenezao dawa walilijua jambo hili zamani. Iko dawa isiyovumilia moto, kama insulini wanayodungwa wenye ugonjwa wa kisukari, ukiichemsha imeharibika. Basi hutakaswa kwa kuchujwa. Hapo mwanzo kitundu cha 0.45 kilihesabiwa kuwa chatosha, mpaka katika miaka ya 1960 Frances Bowman wa idara ya dawa ya Marekani alipoonyesha kwamba yuko bakteria mdogo anayelivuka chujio hilo. Siku hizo aliitwa Pseudomonas diminuta, na sasa huitwa Brevundimonas diminuta. Kwa sababu hiyo viwanda vilihamia kwenye 0.22, na bakteria huyo huyo akafanywa mtahini: chujio humiminiwa bakteria milioni kumi kwa kila sentimita moja ya mraba, na akipita hata mmoja, chujio hilo halikubaliwi. Zaidi ya hayo, chujio la kiwandani hupangiwa muda wa kutumika, ili wanaokua wasipate nafasi ya kuvuka, na kabla na baada ya kazi hupimwa kama ni zima. Sisi nyumbani twalitumia lile lile tangu Mfunguo Mosi mpaka Ramadhani, na kipimo chetu ni kutazama kama maji yang'aa.

Lakini isidhaniwe kwamba tundu pana maana yake ni chujio baya. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu wapatao 8,600. Mji wa Altona ulikuwa umeshikana nao, mtaa kwa mtaa, nao wote walikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Tena Altona ilichota chini zaidi, baada ya mto kupokea uchafu wa Hamburg. Hata hivyo Altona iliokoka kwa sehemu kubwa. Robert Koch, ambaye baadaye alifanya kazi huku kwetu Dar es Salaam na katika visiwa vya Ssese, Uganda, alieleza sababu: Hamburg iligawa maji ya mto bila kuyachuja, na Altona iliyapitisha polepole katika mchanga. Nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria. Kinachowazuia ni ule utando hai unaoota juu ya mchanga, ambamo bakteria hunata na kuliwa na viumbe wengine. Utelezi ambao katika utando wa kisasa ni adui, huko kwenye mchanga ni mlinzi.

Kadhalika huko Bangladesh, Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijijini kuyachuja maji ya mabwawa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi. Matokeo waliyotangaza mwaka 2003 ni kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu. Kitambaa hakiwezi kumzuia bakteria mmoja anayeogelea peke yake; lakini wa kipindupindu hupenda kushikamana na vidudu vidogo vya majini, na hao hunaswa na kitambaa. Kanga kuukuu, ambayo nyuzi zake zimekwisha kulegea kwa kufuliwa, yaweza kufanya kazi kama hiyo. Ila nusu iliyobaki ni watu pia, kwa hiyo hatumshauri mtu atosheke na kanga ikiwa ana njia nyingine.

Huku kwetu pia wako waliofikiri. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na vitu vidogo mno vinavyonasa madini na sumu, na mwaka 2015 akapata tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika itolewayo na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Lililotupendeza ni kwamba hakutegemea tundu peke yake.

Virusi hatutavisemea sana, maana havikuulizwa. Itoshe kujua kwamba ni vidogo kuliko bakteria kwa mbali. Kirusi cha chikungunya, kilichotambuliwa kutokana na homa iliyozuka Newala mwaka 1952, huko juu kwa ndugu zetu Wamakonde, kina kipenyo cha mikromita 0.07 tu, hicho huletwa na mbu, si kwa kunywa. Lakini vile vya homa ya manjano ya ini aina ya A, vinavyoletwa na maji machafu, ni vidogo zaidi, navyo chujio la 0.22 kwao ni uwanja mtupu.

Huenda msomaji akauliza: maji ya kisima changu hayana rangi, wala harufu, wala ladha iliyogeuka, na wanachuoni wametufundisha kuyahukumu maji kwa sifa hizo tatu, mbona mwanitia shaka? Twamjibu kwamba hukumu hiyo imo mahali pake, nayo ni ya tohara. Maji mengi yaliyofikia kulateni, kwa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao huu, hayanajisiki mpaka yageuke. Kutawadhia ni jambo moja, na kumnywesha mtoto wa miezi minane ni jambo jingine. Leptospira hageuzi rangi ya maji, na wa kipindupindu hana harufu.

Basi kwa wale waliotuuliza, twasema hivi. Mwenye chujio na alitumie, hasa kwa kuyaondolea maji tope, lakini maji ya watoto wachanga, ya wagonjwa na ya wazee yachemshwe baada ya kuchujwa, mpaka yatokote kwa mapovu makubwa. Panapokuwa na habari ya kipindupindu, au mvua zimefurika zikaingia visimani, yachemshwe ya nyumba nzima, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Maji yaliyokwisha kutakaswa yawekwe katika chombo chenye kifuniko na bomba, kwa sababu kata moja iliyoshikwa kwa mkono usionawiwa huyarudisha yalikotoka. Mkirudi kutoka safarini, maji yaliyolala katika chujio yamwageni, na ya kwanza yapitayo baada ya hapo msiyanywe. Kibadilishwacho kibadilishwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, hata kama maji bado yang'aa. Mwenye chujio la udongo alisugue kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, kisha aliinue kwenye mwanga wa jua alitazame kama lina ufa. Kwa maana ufa mwembamba kama unywele ni mpana zaidi ya mara 300 kuliko kitundu cha mikromita 0.22, na katika mlango wa namna hiyo bakteria hana haja ya kujikunja wala kukonda.